Mahakamani, Bungeni au Sokoni: Asasi ya Kiraia Ichague Njia Ipi Kuukabili Utandawazi?

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mgonjwa wa Nairobi anayetegemea dawa za bei nafuu na mkazi wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa hawafanani kwa shughuli wala kwa makazi, lakini wote watatu wamewahi kubebeshwa mzigo wa uamuzi ambao hawakuulizwa. Bei ya kahawa ya mkulima hufuata soko la New York. Dawa za mgonjwa ziliingizwa hatarini na sheria iliyotungwa ili kuzuia bidhaa bandia. Mkazi wa Owino Uhuru aliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari, na watoto wa mtaa huo wakakutwa na sumu ya madini ya risasi katika damu. Asasi ya kiraia inayotaka kusimama pamoja na watu kama hao hulazimika kuamua mapema mahali pa kuelekeza nguvu zake, kwa sababu mara nyingi nguvu hizo ni fedha za mwaka mmoja au miwili, watumishi wachache na wanachama ambao wana shughuli zao nyumbani.

Katika Afrika Mashariki njia tatu zimekwisha kujaribiwa kiasi cha kutosha kulinganishwa: kufungua shauri mahakamani, kuishawishi serikali na bunge, na kuingia sokoni kwa ushirika na vyeti vya biashara ya haki, vinavyomhakikishia mkulima bei ya chini. Naziacha kando kazi za huduma kama visima, zahanati na vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, ambazo nazithamini sana, kwa kuwa zinampunguzia mtu maumivu bila kuugusa uamuzi uliomuumiza. Wengi wanaolinganisha njia hizi huanza na gharama. Mimi naona swali la kwanza ni kujua uamuzi unaowaumiza wanachama umefanyika wapi na nani ana mamlaka ya kuubadilisha, kwani asasi nyingi zimetumia fedha nyingi kubisha mlango usiokuwa na mtu ndani.

Mkataba mmoja, njia mbili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ujulikanao kama EPA. Mkataba huo ulizitaka nchi za Jumuiya zifungue masoko yao hatua kwa hatua, katika kipindi cha miaka 25, kwa bidhaa za Ulaya zinazofikia asilimia 82.6 ya thamani ya uagizaji kutoka huko. Wakulima wadogo na wenye viwanda vichanga walihofia ushindani wa bidhaa zinazozalishwa kwa ruzuku kubwa, na serikali nazo zilihofia kupoteza mapato ya ushuru wa forodha.

Nchini Kenya, jukwaa la wakulima wadogo lilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2007 kulalamika kwamba majadiliano yalikuwa yakiendeshwa bila wao kushirikishwa. Hukumu ilitolewa Oktoba 2013, na serikali ikaamriwa kuweka utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakulima wadogo wakiwamo. Ulikuwa ushindi wa kweli, kwa sababu uliitambua haki ya mkulima kukaa mezani. Hata hivyo haukuugeuza mkataba wenyewe: majadiliano yalikamilishwa Oktoba 2014, Kenya na Rwanda zikatia saini Septemba 2016, na hatimaye Kenya ikaingia mkataba wake yenyewe na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Tanzania ilipita njia ya pili. Wanaharakati, wasomi wa vyuo vikuu na wenye viwanda walijadili mkataba huo hadharani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa akaandika magazetini kuupinga, na Novemba 2016 Bunge likaazimia kwamba nchi isiutie saini. Kwa kuangalia matokeo peke yake, mtu angesema ushawishi ulishinda pale ambapo mahakama ilishindwa, lakini hesabu hiyo inaacha jambo la msingi. Tanzania imo katika kundi la nchi zenye maendeleo madogo kuliko nyingine duniani, na kwa hiyo bidhaa zake ziliendelea kuingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haimo katika kundi hilo. Kati ya tarehe 1 Oktoba na 25 Desemba 2014 maua yake yalitozwa ushuru katika soko la Ulaya, na wenye mashamba ya Naivasha wakaishinikiza serikali kwa hoja ya ajira za maelfu ya wafanyakazi. Bunge la Dodoma liliweza kukataa bila nchi kulipa gharama ya haraka, ilhali Nairobi kukataa kungegharimu tangu siku ya kwanza. Asasi inayotaka kuiga kampeni ya nchi jirani ichunguze kwanza kama serikali yake ina nafasi kama hiyo ya kusema hapana.

Mahakamani

Mahakama hufaa zaidi pale ambapo madhara yamo katika maneno ya sheria yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia ilieleza maana ya bidhaa bandia kwa upana uliotosha kuzinasa dawa halali zinazotengenezwa na viwanda visivyo wamiliki wa awali wa hataza (haki ya pekee ya kutengeneza dawa), yaani dawa zilezile za bei nafuu ambazo wengi wa wanaoishi na VVU nchini humo wanazitegemea. Waombaji watatu wanaoishi na virusi walifungua ombi la kikatiba mwaka 2009, mwaka uliofuata mahakama ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa vifungu vinavyolalamikiwa kwa upande wa dawa hizo, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya uhai, ya utu na ya afya. Ombi hilo lilikuwa na kila kinachohitajika: kifungu mahususi, watu halisi walioathirika na walio tayari kula kiapo, katiba mpya ya mwaka 2010 inayotaja haki ya afya katika ibara ya 43, na amri ya muda iliyozuia madhara wakati shauri likiendelea. Amri ya muda ndiyo inayosahaulika na wengi, ingawa kwa mgonjwa ilikuwa na thamani kubwa kwa sababu kabatini kulibaki dawa kwa miaka yote miwili ya kusubiri hukumu.

Shauri hilo lilikuwa na mizizi mirefu pia. Muongo mmoja kabla yake, muungano wa mashirika ya Kenya uliotetea upatikanaji wa dawa muhimu ulikuwa umeshiriki katika mapambano yaliyozaa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, iliyoruhusu dawa za bei nafuu kuingizwa kutoka nje. Mawakili wa mwaka 2009 walizikuta hoja, takwimu na mashahidi vimekwisha kukusanywa na kampeni.

Owino Uhuru inaonyesha upande mzito wa njia hii. Asasi iliyoanzishwa na Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, iliandamana, ikaandika barua na kupima damu za watoto kwa miaka kadhaa, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Shauri la fidia lilifunguliwa baadaye, mwaka 2016. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ukipima kwa kalenda, kilichowaondolea wakazi moshi ni kampeni, na mahakama ilikuja kuwapa haki ya kulipwa, tena baada ya miaka minane na ngazi tatu, wakati baadhi yao wamekwisha kufariki dunia. Sisemi wangeacha kushtaki, kwa maana hakuna kampeni ambayo ingeweza kutoa amri ya fidia ya kiasi hicho. Nasema kwamba asasi inayofungua shauri la namna hiyo ijiandae kubaki hai kwa muda wote huo, na iwaeleze wananchi ukweli huo kabla ya kuwataka watie saini hati za kiapo.

Upande wa Tanzania mlango ulifanywa kuwa mwembamba zaidi. Katiba ya Kenya, katika ibara za 22 na 258, inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa maslahi ya umma. Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba jambo analolalamikia limemwathiri yeye binafsi, sharti lililoziondolea asasi uwezo wa kushtaki kwa niaba ya jamii kama zilivyozoea. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha imekuwa mbadala, na mwaka 2014 ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza Hifadhi ya Serengeti, lakini nayo ina kikomo cha muda ambacho nitakirudia.

Bungeni na barabarani

Ushawishi hufaa pale ambapo uamuzi upo mikononi mwa serikali au kati ya serikali na taasisi za fedha za kimataifa. Kampeni ya kufutiwa madeni ya miaka ya 1990 haikuwa na mahakama ya kukimbilia, kwa kuwa mikataba ya mikopo ilikuwa halali kisheria. Kilichobaki ni aibu na wingi wa watu. Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mkutano wa mataifa tajiri uliofanyika Birmingham, na wakati huohuo asasi za Uganda na Tanzania zilikuwa zikizishinikiza serikali zao kutoka ndani. Uganda ilifikia hatua ya mwisho ya msamaha mwaka 1998, na Tanzania Novemba 2001, mwaka ambao pia ada ya shule za msingi ilifutwa. Ninachokienzi zaidi katika kampeni hiyo ni kazi iliyofuata sherehe: asasi ya Uganda Debt Network iliwafundisha wananchi wa wilayani kufuatilia fedha zilizookolewa, darasa kwa darasa na barabara kwa barabara. Msamaha usiofuatiliwa ungeweza kuyeyukia mifukoni mwa wachache.

Katika madini ya Tanzania ushawishi ulikwenda polepole na kwa ushirika usio wa kawaida. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo, Baraza la Maaskofu Katoliki na Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, walidhamini utafiti kuhusu kiasi kidogo ambacho nchi ilikuwa ikikipata kutokana na dhahabu yake. Viongozi wa dini zote mbili wakisema jambo moja kwa takwimu zilezile, ni vigumu kwa waziri kulipuuza kana kwamba ni maneno ya wapinzani. Sheria ya Madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, sheria ya uwazi katika sekta ya uziduaji, yaani madini, mafuta na gesi, ikapitishwa mwaka 2015, na mabadiliko ya mwaka 2017 yakaufikisha mrabaha asilimia 6 na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Siwezi kuzihesabia asasi peke yake matunda hayo, kwani siasa za ndani ya chama tawala na ripoti za tume za serikali zilikuwa na nguvu kubwa. Mabadiliko ya 2017 yenyewe yalipitishwa bungeni kwa hati ya dharura, na asasi zilizokuwa zimelisemea jambo hilo kwa miaka zikabaki na muda mfupi mno wa kutoa maoni. Hiyo ndiyo hasara ya njia hii: unaweza kushinda hoja na bado usiwe na kiti siku inapoandikwa sheria, na mfadhili akiuliza ni kipi hasa ulichofanikisha, huna hukumu yenye namba ya kumwonyesha.

Mitumba inaonyesha hasara nyingine. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili kuvifufua viwanda vya nguo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017, nchi za Jumuiya zikatishiwa kuondolewa nafuu ya AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, nazo zikarudi nyuma moja baada ya nyingine isipokuwa Rwanda, ambayo Julai 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Asasi ingesimama upande gani? Fundi cherehani na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo walikuwa na sababu nzuri ya kuunga mkono azimio, na mama anayeuza marobota Gikomba au Manzese alikuwa na sababu nzuri vilevile ya kulipinga. Kampeni inayojiita sauti ya wananchi inapaswa kueleza ni wananchi gani na ni kina nani watakaoumia ikishinda. Mahakamani swali hilo hufichwa na majina ya wadaawa, lakini katika ushawishi hujitokeza hadharani, na asasi isiyolijibu hupoteza imani ya watu wake.

Sokoni

Njia ya tatu huvutia kwa sababu inaleta fedha mkononi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujipanga mwaka 1925, na chama chao kikuu, KNCU, kikaundwa mwaka 1933, muda mrefu kabla neno utandawazi halijasikika. Mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei iliyumba hata ikashuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili mwaka 2001, na vyama vya ushirika vya Kilimanjaro na Kagera vilivyokuwa na wanunuzi wa biashara ya haki vilipata kinga ambayo mkulima aliye peke yake hakuwa nayo. Agosti 2023 bei ya chini inayohakikishwa kwa arabika iliyooshwa iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili, ikiongezwa senti 20 za maendeleo ya jamii ambazo wanachama wenyewe huamua matumizi yake.

Ubora wa njia hii ni kwamba haimsubiri jaji wala mbunge. Udhaifu wake ni kwamba kinga hiyo huonekana bei ikianguka tu. Mwanzoni mwa 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili New York, na katika msimu kama huo mkulima hushawishika kumuuzia mnunuzi binafsi anayelipa taslimu shambani, chama kikabaki na mikataba isiyo na kahawa ya kuijaza. Cheti nacho hakimlazimishi mtu kununua: chama hulipia ukaguzi na kutunza kumbukumbu za mavuno yote, lakini huuza kwa masharti ya biashara ya haki sehemu ile tu iliyopata mnunuzi. Sasa imeongezeka sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inayotaka kila shamba lionyeshwe kwa alama za ramani ili kuthibitisha kwamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini kazi ya kupima mashamba ya maelfu ya wakulima wenye ekari moja au mbili haiwezi kungoja tarehe ya mwisho. Chama imara kitaimudu. Kikundi kilichoundwa jana kwa ajili ya mradi hakitaweza, na mimi singekishauri kianzie huko. Pia soko halimsaidii mtu asiye na cha kuuza: mgonjwa wa Nairobi na mtoto wa Owino Uhuru hawana nafasi yoyote katika njia hii.

Nani anayelipa

Kwa fedha za kuanzia, ushawishi ndio wenye gharama ndogo ukifanywa kwa muungano, kesi hugharimu zaidi na kwa muda usiotabirika, na soko hudai mtaji pamoja na uaminifu wa hesabu. Chanzo cha fedha hizo kinanihangaisha kuliko kiasi chake. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, asasi nyingi za ukanda huu zilisitisha kazi ndani ya siku chache. Kesi haiwezi kuachwa katikati bila kuwadhuru walioapa, ilhali kampeni inaweza kupunguza kasi na kuendelea kwa michango ya wanachama. Asasi ambayo fedha zake zote hutoka nje inapaswa kulipima hili kabla ya kuingia mahakamani.

Kuna na gharama ya heshima. Januari 2007 mashirika kutoka duniani kote yalikusanyika Kasarani, Nairobi, katika Jukwaa la Jamii la Dunia kuujadili utandawazi unaowabagua maskini, na wakazi wa mitaa duni ya mji huohuo wakazuiwa mlangoni kwa kiingilio cha shilingi 500 hadi walipoandamana wakafunguliwa. Njia yoyote itakayochaguliwa, kikao cha kuichagua kifanyike mahali ambapo walioumia wanaweza kufika na kwa lugha wanayoisema.

Uchaguzi wenyewe

Ikiwa madhara yanatokana na kifungu cha sheria ya nchi na wapo watu walio tayari kutajwa kwa majina, ningeanza na mahakama, na ningeomba amri ya muda siku ileile ya kufungua shauri. Ikiwa yanatokana na mkataba ambao bado unajadiliwa, ningeanza na ushawishi kwa wabunge na kutafuta washirika ambao serikali haiwategemei kuwaona pamoja, kama wenye viwanda wakiwa na wakulima, au kanisa likiwa na msikiti. Ikiwa tatizo ni bei na chama cha msingi kinaaminika kwa wanachama wake, soko linafaa, mradi uongozi uonyeshe kwanza ni sehemu gani ya mazao ya msimu uliopita iliyouzwa kwa masharti ya cheti.

Kwa asasi changa isiyo na uhakika, naipendekeza kampeni inayokusanya ushahidi kana kwamba kesi itakuja: vipimo vyenye tarehe, barua zilizogongwa mhuri wa kupokelewa, kumbukumbu za mikutano ya kijiji. Tarehe hizo zina uzito kuliko inavyodhaniwa. Asasi nne zilizopinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga zilifungua shauri Arusha Novemba 2020, na miaka mitatu baadaye, Novemba 2023, shauri likatupwa kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda, bila hoja zao za mazingira na ardhi kuamuliwa. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 30, unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au alipokifahamu. Kwa hiyo, siku serikali inapotia saini mkataba unaowagusa wanachama, katibu wa asasi aandike tarehe hiyo kwenye daftari la kikao na kumpigia wakili simu wiki hiyohiyo, hata kama bodi bado haijaamua kwamba itashtaki.